Bustani ya kuhifadhi chakula ipangwe kuanzia stoo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, na kama itakuwa ndefu naomba mnivumilie maana hili jambo limenikaa moyoni muda mrefu. Kurasa za kilimo kwenye magazeti zinafundisha vizuri sana kupanda, nafasi ya mche na mche, mbolea, dawa za wadudu, umwagiliaji, na kwa hilo nashukuru kwa dhati. Ila kuna watu wengi saa hizi wanaolima bustani kubwa ya mboga sio kwa ajili ya kuuza wala kuchuma kamboga ka jioni, wanataka familia ipate chakula chake humo mwaka mzima, yaani wavune, wahifadhi, wale polepole mpaka msimu mwingine, na hao watu hakuna anayewaambia lolote. Wanafuata ushauri ule ule wa bustani ya kawaida, wanazidisha tu ukubwa mara tano, halafu mavuno yote yanawaangukia wiki moja, sufuria hazitoshi, chupa hazitoshi, mikono haitoshi, nusu inaozea kwenye matenga.

Ninachotaka kusema ni kimoja: bustani ya kuhifadhi inapangwa kinyumenyume. Unaanzia kwenye sahani, unarudi kwenye stoo, ndo unafika shambani. Mtu akianza na swali la nina eneo kiasi gani, nipande nini, ameshapotea.

Hebu tuchukue nyanya maana ndo kila mtu anakimbilia. Swali la kwanza sio mbegu gani, swali ni familia hii inapika na nyanya mara ngapi kwa wiki, na kuna wiki ngapi kwenye mwaka ambazo nyanya mbichi hazipo bustanini. Tuseme mnapika nazo mara tatu kwa wiki, kila pishi linakula chupa ya nusu lita, na kipindi cha ukame au baridi kisichokuwa na nyanya ni wiki 24. Hapo ni chupa 72, sawa na lita 36. Sasa unarudi nyuma hatua moja, lita 36 za nini? Kama ni nyanya zilizomenywa zikawekwa kwenye chupa nzima nzima au vipande, lita moja inakula karibu kilo moja na nusu, kwaiyo unahitaji kama kilo 50 na ushee. Lakini kama familia inataka sosi nzito iliyopunguzwa maji jikoni, lita moja inakula kilo 3 na zaidi, na hesabu inaruka mpaka kilo 110 hivi. Familia ile ile, chupa zile zile, shamba mara mbili. Hilo peke yake lilipaswa kuwa la kwanza kufundishwa, maana uamuzi wa aina ya sosi ndo unaoamua miche.

Halafu ndo miche. Mi huwa nashauri mtu auhesabie mche mmoja kilo 2 tu hata kama wauza mbegu wanaahidi zaidi, kwasababu kuna ukungu, kuna wadudu, kuna wiki ambayo mvua itapiga maua yote chini. Juu ya hapo uongeze robo ya tahadhari. Kwa kilo 50 utapata miche kama 30, kwa kilo 110 kama 70. Ukipanda kwa nafasi ya nusu mita mche kwa mche na mita moja mstari kwa mstari, miche 70 inakaa kwenye mita za mraba 35. Sio eneo la kutisha hata kidogo. Mwenye nyumba ya kawaida yenye uwanja nyuma anaweza.

Sasa linganisha na maharage makavu, na hapa naomba watu wasinichukie. Familia inayopika nusu kilo ya maharage makavu mara mbili kwa wiki inakula kilo 52 kwa mwaka. Maharage mafupi ya kawaida yakitunzwa vizuri yanakupa kama gramu 100 mpaka 200 kwa mita moja ya mraba, kwaiyo kupata hizo kilo 52 unahitaji mita za mraba 260 mpaka 520, yaani mara saba mpaka kumi na tano ya lile eneo la nyanya za sosi. Na maharage makavu yananunulika kirahisi, hayaharibiki njiani, hayana haraka. Kwa maoni yangu mwenye eneo dogo asijaribu kabisa kujitosheleza kwa maharage makavu, anunue, eneo lake alitumie kwa vitu ambavyo vikiwa vibichi vina bei na vinaharibika haraka, nyanya, pilipili, vitunguu, maharage mabichi ya kula na ganda lake, matango ya kuweka kwenye siki. Mwenye eneo kubwa sawa, apande, na ayavune wakati maganda yamekauka mpaka ukiyatikisa yanalia ndani, halafu kabla ya kuyafungia aweke kwenye friza siku mbili tatu yaue mayai ya bungo, ndo ayatie kwenye chombo kisichopitisha hewa.

Jambo la pili ambalo halisemwi ni muda wa kuiva. Kuna nyanya zinazorefuka bila kukoma, zinafungwa kwenye nguzo, zinatoa kidogo kidogo miezi kadhaa. Hizo ni nzuri kwa saladi. Na kuna zile fupi zinazojaa kichaka, zinakomaa karibu zote ndani ya wiki chache halafu zinakwisha. Kwa mtu wa kuhifadhi hizi fupi ndo zenyewe, hasa zile za umbo la yai zenye nyama nyingi na maji machache, maana ukichemsha sosi hutumii kuni au gesi kuondoa maji ambayo hukuyahitaji toka mwanzo. Ila usizipande zote siku moja! Gawa miche 70 mafungu matatu, kila fungu liachane na lenzake wiki mbili au tatu, ili kila wimbi la mavuno liwe ni lile ambalo jiko lako linaweza kumaliza. Sufuria kubwa ya kuchemshia inabeba chupa saba hivi za lita kwa mkupuo, na kila mkupuo una kuosha, kumenya, kujaza, kuchemsha, kupoza. Mtu apime uwezo wa jiko lake na watu wake kwanza, akijua kwa siku moja wanaweza kumaliza kilo 20 basi kila fungu la shamba lipangwe kutoa karibu na hapo kila baada ya siku chache, lisizidi.

Vitunguu na maboga havihitaji chupa wala moto, na naona watu wanavisahau wakati ndo hifadhi rahisi kuliko zote. Kitunguu cha kukaa kinaanza kuandaliwa shambani: usikimwagie mbolea nyingi ya naitrojeni mwishoni maana shingo inanenepa haikauki, na kitunguu chenye shingo nene kinaoza kuanzia hapo hapo. Majani yakianza kulala acha kumwagilia, ng'oa, anika kivulini penye upepo wiki mbili au tatu mpaka ukibana shingo kwa vidole unaikuta imekauka kama karatasi, haitelezi ndani. Ile inayoteleza itenge, iliwe kwanza. Boga nalo likatwe na kikonyo chake kirefu, usilibebe kwa kikonyo, maana kikivunjika pale ndo mlango wa kuoza. Karoti zinakaa vizuri kwenye mchanga wenye unyevunyevu ila lazima pawe na ubaridi, kama huna sehemu ya baridi usizihesabu kwenye hifadhi ya stoo, ziache ardhini uchimbe kidogo kidogo. Na viazi visikae pamoja na vitunguu.

Kabichi ndo mboga ninayoipenda kuliko zote kwa kuhifadhi, kwasababu inataka chumvi tu. Unaikata nyembamba, unaipima, kila kilo moja ya kabichi unaitia gramu 20 mpaka 25 za chumvi, unaikanda kwa mikono mpaka inatoa maji yake yenyewe, unaishindilia kwenye chombo, unaweka uzito juu ili kila uzi wa kabichi uzame chini ya yale maji. Hapo ndo siri yote. Chini ya maji hakuna hewa, bakteria wa asidi ya lakti wanafanya kazi yao, baada ya siku chache unaona mapovu madogo yanapanda pembeni mwa chombo na harufu inabadilika kuwa ya uchachu msafi. Kipande kinachoelea juu ndo kitakachoota ukungu. Kupima kwa macho hakutoshi, nunua mizani, chumvi ikipungua kabichi inalainika na kuharibika, ikizidi uchachu hauji. Kwa mpangilio, lita moja ya kabichi iliyochachuka inakula kilo moja na robo hivi, kwaiyo tena unarudi kwenye kuhesabu, mnakula kiasi gani kwa wiki, mara wiki ngapi.

Kukausha sitakaa sana. Vipande vya unene wa nusu sentimita, mboga nyingi zipitishwe kwanza kwenye maji yanayochemka dakika chache na kupozwa haraka ili vimeng'enya vife, la sivyo rangi na ladha vinaendelea kuharibika hata kwenye mfuko, na hii inahusu kugandisha pia, maharage mabichi yanatosha dakika 3. Joto zuri la kukausha ni nyuzi 57 mpaka 60 hivi. Kitu kimoja watu hawafanyi: mkishamaliza kukausha, msifungie moja kwa moja. Jazeni chupa ya glasi theluthi mbili, mtikise kila siku kwa wiki nzima, na mtazame ndani ya kifuniko. Mkiona umande, vipande virudi kukaushwa siku hiyo hiyo.

Sasa nafika kwenye kilichonifanya nichukue simu niandike, Mhariri. Kuna ushauri unazunguka, unatumwa kutoka mtu kwa mtu, unasema ukitaka kuhifadhi maharage mabichi, karoti, mahindi, njegere, jaza kwenye chupa, funga, chemsha kwenye sufuria ya maji masaa matatu, ishakwisha, inakaa mwaka. Mwingine anasema bibi zetu walifanya hivyo na hawakufa. Naomba gazeti liseme wazi kwamba huu ushauri unaweza kuua.

Sababu ni hii. Kuna bakteria anaitwa Clostridium botulinum, yuko kwenye udongo kila mahali, kwaiyo yuko kwenye mboga zote za bustani yako hata uzioshe vipi. Akiwa kwenye hewa hana shida, lakini mbegu zake, zile spora, zinastahimili maji ya kuchemka. Maji hayapandi zaidi ya nyuzi 100 hata uchemshe mpaka kesho. Ukifunga chupa umemuondolea hewa, chakula kina unyevu, hakina asidi, chumba kina joto, ni mazingira yale yale anayoyataka, anaamka na kutengeneza sumu inayopooza misuli mpaka ya kupumulia. Na sumu hiyo si lazima iwe na harufu wala povu wala rangi. Alijulikana baada ya tukio la mwaka 1895 kijijini Ellezelles, Ubelgiji, ambapo wanamuziki walikula nyama ya nguruwe iliyohifadhiwa kwa chumvi baada ya mazishi, wakaugua na watatu wakafa, mtaalamu Émile van Ermengem akamtoa bakteria kwenye ile nyama. Nyama ile haikuwa hata kwenye chupa.

Wapo wanaojibu kwamba Mfaransa Nicolas Appert, yule aliyepewa faranga 12,000 na serikali ya Ufaransa mwaka 1810 kwa kugundua kuhifadhi chakula kwenye chupa, alitumia maji ya kuchemka tu. Ni kweli alitumia. Lakini hata yeye hakujua kwa nini njia yake inafanya kazi, mwanasayansi Pasteur alikuja kueleza habari za vijidudu miongo kadhaa baadae, na spora hizi hazikujulikana. Sisi tunajua, kwaiyo hatuna sababu ya kurudi kule.

Mstari wa kugawa ni asidi. Chakula chenye pH (kipimo cha asidi, kadiri namba inavyoshuka asidi inakuwa kali zaidi) ya 4.6 kushuka chini kinaweza kuhifadhiwa kwa maji ya kuchemka, maana asidi inamzuia huyo bakteria asiamke. Matunda mengi, mboga zilizowekwa kwenye siki ya asilimia 5 kwa vipimo sahihi, sawa. Chenye pH zaidi ya hapo, yaani maharage, mahindi, karoti, njegere, mboga za majani, nyama, kinahitaji sufuria ya presha iliyotengenezwa kwa kazi ya chupa, kubwa, yenye geji au uzito wa kupimia, inayofika kama nyuzi 116. Ile presha kuka ndogo ya kupikia maharage ya mchana haihesabiki, inapanda na kupoa haraka mno na huwezi kujua presha yake. Asiye na sufuria hiyo akaushe, agandishe, achachushe, aweke kwenye siki. Njia zipo nyingi, hakuna anayelazimika kuweka maharage kwenye chupa.

Na nyanya? Nyanya ziko pale pale mpakani, nyingine chini ya 4.6 nyingine juu kidogo kutegemea aina na kuiva kwake. Ndo maana kila chupa ya nusu lita inatiwa kijiko kimoja kikubwa cha maji ya limau, ya lita moja viwili, na iwe ile ya chupa ya dukani sio ya kukamua, kwasababu ya dukani asidi yake ni ile ile kila siku wakati malimau yenyewe yanatofautiana. Baada ya hapo sosi ya nyanya kwenye chupa za nusu lita inachemshwa dakika 35. Lakini hizo ni dakika za watu wa chini karibu na usawa wa bahari, mpaka mita 300. Ukipanda juu maji yanachemka kwa joto dogo zaidi, karibu nyuzi moja kwa kila mita 300, kwaiyo kuanzia mita 300 mpaka 900 ni dakika 40, mpaka 1,800 ni 45, zaidi ya hapo ni 50. Watu wa milimani wanapewa dakika za watu wa pwani na hakuna anayewaambia, hilo linaniumiza sana.

Chupa zikishapoa, kesho yake bonyeza katikati ya kila kifuniko kwa kidole. Kikiwa kimezama na hakichezi, imeshika. Kikiruka juu chini kikilia, haikushika, iende kwenye friji iliwe siku chache hizo. Andika tarehe juu ya kila chupa, weka mahali penye giza na ubaridi, na uzile ndani ya mwaka. Kwenye ukuta wa stoo bandika karatasi, kila chupa inayotoka inawekwa alama, kwasababu karatasi hiyo ndo ramani ya bustani ya mwaka unaofuata. Mkimaliza msimu na zimebaki chupa 20 za matango, mwakani matango yapungue, lile eneo lipewe kilichokwisha mapema. Na wakati wa kuhamisha mkumbuke nyanya, pilipili, bilinganya na viazi ni ukoo mmoja, visifuatane pale pale, viachane angalau miaka mitatu.

Ombi langu kwenu ni kwamba pale mnapochapisha namna ya kupanda mboga, pembeni mtie na kiasi cha kupanda kwa anayehifadhi, na njia salama ya kuihifadhi mboga hiyo hiyo, dakika zikiwa zimegawanywa kwa miinuko. Nafasi yake ni ndogo tu, ni safu moja ya jedwali.

Na kwa msomaji ambaye tayari ana chupa za maharage au mahindi au karoti stoo, alizozichemsha kwa maji bila presha: usizifungue kunusa, usionje hata kwa ncha ya ulimi. Zitie zikiwa zimefungwa hivyo hivyo kwenye mfuko mzito, funga mfuko, utupe mahali ambapo watoto na mifugo hawafiki, halafu osha mikono. Kama kuna mtu amekula na anaona vitu viwili viwili, kope zinamlemea, anashindwa kumeza au maneno yanamtoka vibaya, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo na mumwambie daktari alikula nini, maana dawa ya kuzuia hiyo sumu ipo na inafanya kazi zaidi ikiwahi.

Ni mimi msomaji wenu, mlima bustani.